Gogo la Twiga Sitini

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, boneti ya foklifti ilikuwa na joto.

Whitney Adongo aliiwekea kiganja, akahesabu hadi tano, akakitoa. Kisha aligusa ekzosi kwa ncha ya kidole na kukirudisha haraka. Akaandika saa kwenye daftari, na mbele yake maneno mawili: injini moto.

"Nilisema isiwashwe kabla sijafika," alisema.

"Haijawashwa, Madam," alijibu Phares, mwenye mashine. "Hilo ni jua."

Wote wawili walitazama juu. Ilikuwa Julai, na juu ya mabati ya Baba Dogo hapakuwa na jua lolote, ila wingu moja la kijivu lililoanza upande wa Ruaraka na kuishia kusikoonekana. Phares ndiye aliyecheka kwanza.

"Haya, niliwasha kidogo. Wewe ukienda kwa watu asubuhi, unapenda upewe chai baridi?"

"Leo ningeipenda baridi."

Adongo alikuwa mkaguzi wa mitambo ya kuinua mizigo. Alikuwa na leseni, na miaka tisa ya kazi hiyo. Alijua kwamba injini ya dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Ugonjwa huonekana asubuhi, injini ikiwa baridi: inakataa kuwaka, inakohoa, inatoa moshi mweupe usioisha. Muuzaji anayewasha mashine kabla ya mkaguzi kufika huenda anaficha jambo hilo, au huenda hafichi chochote. Joto la boneti lenyewe halisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

"Tutangoja ipoe," alisema.

"Ipoe mpaka saa ngapi?" Aliyeuliza ni Mwelu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa amesimama karibu na lango na mkoba wake kifuani. Yeye ndiye aliyemkodi Adongo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji wa vinyago chenye karakana yake mita mia nne kutoka hapo.

"Saa nne na nusu."

"Injinia, trela linafika saa nane."

"Najua."

Mwezi Machi, wachongaji wale walishusha magogo jinsi walivyoshusha miaka yote: mbao mbili zimeegemezwa kwenye trela, kamba juu, watu chini. Gogo moja liliruka kamba na kumvunja Munyoki, mume wa Mwelu, paja mahali pawili. Sasa alitembea kwa magongo. Trela la siku hiyo lilikuwa linaleta magogo saba ya mjakaranda, na dereva wake alikuwa ameshasema kwamba hatalala Nairobi. Kama foklifti isingenunuliwa kabla ya saa nane, wanaume wanane wangeingia tena chini ya mbao zile zile. Mmoja wao alikuwa Kivuva, mdogo wake Mwelu, aliyezaliwa naye tumbo moja.

"Si useme tu kama ni nzuri?" Mwelu aliuliza. "Macho yako yanaonaje?"

"Macho yangu yanaona rangi mpya."

"Rangi ni nzuri," alisema Phares.

"Rangi ni nzuri," Adongo alikubali, akafungua sanduku lake.

Yapo mambo ambayo hayahitaji injini, na alianza na hayo. Kibati cha uwezo kilikuwa mahali pake na kilisomeka: kilo 2,000, kitovu cha mzigo kikiwa nusu mita kutoka kwenye shina la meno. Alikipiga picha. Alipima unene wa meno yale mawili ya chuma yanayoingia chini ya mzigo, mahali yanapojikunja, kwa sababu hapo ndipo yanapolika. Yalikuwa yametoka kiwandani yakiwa na milimita arobaini. Moja lilibaki na thelathini na nane, la pili thelathini na saba na nusu. Yangekataliwa chini ya thelathini na sita. Aliandika namba tu, na Mwelu, aliyekuwa akimtazama mkono, hakupata chochote cha kushika.

Kisha alienda nyuma ya mashine, pale kwenye bonge la chuma linaloizuia isipinduke mbele, akakaa hapo kwa muda. Rangi mpya ya manjano ilikuwa imepakwa juu ya chuma kisichosuguliwa, na juu kabisa, mahali pawili, ilikuwa imeanza kubanduka. Chini yake chuma kiling'aa kama sarafu. Kila alama ilikuwa na ukubwa wa kiatu.

"Mzee Phares, hapa palikuwa panasimama nani?"

Phares alikuna shingo. "Hii ilikuwa ya kiwanda fulani cha sabuni, kimefungwa. Walikuwa wakipata mzigo mzito, watu wanapanda nyuma kidogo. Kusaidia."

"Watu wangapi?"

"Wawili."

Adongo aliendelea kumtazama.

"Siku ya mzigo mkubwa, watatu," alisema Phares. "Na wa tatu, sitakuficha, alikuwa mnene."

Hata Mwelu alicheka. Adongo hakucheka, ila alama zile zilimwambia lililokuwa muhimu: mashine ilikuwa imezoeshwa kubeba kupita uwezo wake. Mzigo uliozidi huvuta minyororo ya mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha meno, na mnyororo uliovutwa haurudi. Alitoa futi ya chuma, akachagua sehemu iliyopita kwenye puli mara nyingi zaidi, akapima urefu wa pingili ishirini. Alipima upande wa kulia mara tatu, upande wa kushoto mara tatu. Kulia ulikuwa umerefuka kwa asilimia moja na nusu, kushoto moja nukta tisa. Mnyororo hutupwa ukifika tatu.

"Ni mbaya?" Mwelu aliuliza.

"Umetumika. Haujafika mwisho."

"Hilo ni ndiyo au ni la?"

"Hilo ni moja nukta tisa, Mama."

Saa nne na nusu boneti ilikuwa baridi kama ukuta. Adongo alifungua kifuniko cha rejeta, akaona maji safi yasiyo na mafuta, akakifunga. Alimwita Odero, dereva wa foklifti mwenye leseni ambaye kikundi kilikuwa kimemwajiri kwa siku moja kwanza, na zaidi ya siku moja kama mashine ingepita. Odero alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, amekuja na kofia yake ngumu mwenyewe.

"Washa."

Injini ilishika kabla ya sekunde mbili kuisha. Moshi mweupe ulitoka, ukawa mwembamba, na kwenye sekunde ya arobaini ukaisha. Mngurumo ulikuwa sawa.

Adongo alimgeukia Phares. "Sasa ulikuwa unaficha nini asubuhi?"

"Hakuna! Nilikwambia, ni heshima. Mgeni hapokewi na kitu baridi. Baba yangu aliuza ng'ombe Maragoli miaka thelathini, hakupeleka hata mmoja sokoni bila kumwosha."

"Umenipotezea saa tatu."

"Ng'ombe naye analalamika akioshwa," alisema Phares, akashusha pumzi ambayo yaonekana alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Saa tano kamili Odero aliendesha foklifti hadi karakana ya wachongaji. Kwenye mteremko mdogo kabla ya lango Adongo alimsimamisha mara mbili. Breki ya mguu ilishika, breki ya mkono ilishika. Honi haikulia. Aliandika.

Uani, wachongaji walikuwa wameacha kazi. Walisimama kando ya gogo moja lililobaki tangu Machi, lililofunikwa magunia yaliyolowa. Mchongaji haachi gogo likauke upesi, kwa maana likikauka upesi hupasuka, na gogo lililopasuka ni kuni. Kwa hiyo hulimwagia maji asubuhi na jioni kama mtu anayetunza kitalu. Munyoki alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, magongo yakiwa magotini.

"Hili ndilo la kupimia," alisema Kivuva, akilipiga gogo kofi. "Tani moja na robo, kasoro au zaidi kidogo. Mashine ya tani mbili italibeba ikiimba."

"Nani amelipima?"

"Mimi. Nimechonga miaka ishirini na mbili, Injinia. Nikiangalia gogo najua."

Yalikuwa makosa, na yalikuwa makosa ya Adongo. Angeuliza swali la pili. Hakuliuliza, kwa sababu saa ilikuwa tano na nusu.

Odero aliingiza meno chini ya gogo hadi likagusa shina, akalikaza, akavuta mkono wa kuinua. Mlingoti ulilia. Gogo lilinyanyuka sentimita kumi, kumi na mbili. Kisha magurudumu ya nyuma yakaachana na ardhi.

"Pandeni nyuma!" alipiga kelele Phares.

Hakuna aliyefikiri. Kivuva na wenzake wawili walikimbia, wakaruka juu ya bonge la chuma, viatu vyao vikitua karibu kabisa na zile alama mbili. Mashine ikarudi chini kwa kishindo. Gogo likayumba.

"Shukeni." Adongo hakupaza sauti. "Odero, teremsha polepole. Nyinyi watatu, mkishuka kabla gogo halijagusa chini mtaiangusha. Ngojeni. Ngojeni. Sasa shukeni."

Walishuka. Kutoka barabarani walisikika mbuzi wa lori moja lililokuwa likielekea Kiamaiko.

"Imeshindwa," alisema Mwelu. Aliangalia saa ya simu yake, kisha akawaangalia wanaume, mmoja mmoja, midomo yake ikisogea. Alikuwa akiwahesabu. "Tani moja na robo imeishinda."

"Buda, umetuletea toroli," mmoja wa wachongaji alimwambia Phares.

"Toroli mama yako! Hiyo mashine imebeba sabuni ya nusu ya Nairobi!"

"Na watu watatu juu, mmoja mnene," alisema Mwelu kwa uchungu.

Munyoki aliinuka kwa magongo yake. "Leteni zile mbao," alisema kwa sauti ya kawaida. "Zipakwe mafuta mapema. Mara ile tulichelewa kupaka."

Adongo alikuwa amechuchumaa kando ya gogo. Alikuwa na matokeo mawili yasiyokubaliana: mashine iliyopita kila kipimo tangu asubuhi, na mzigo mdogo ulioiinua mkia. Lakini moja kati ya hayo mawili hakuwa amelipima yeye.

"Kivuva. Ulipataje tani moja na robo?"

"Ni gogo la twiga sitini."

"Sijaelewa."

Kivuva alimwangalia kama mtu anayeulizwa njia ya kwao. "Gogo linatoa twiga. Hili ni twiga wakubwa sitini. Twiga mmoja, stoo ya usafirishaji wanapima, ni kilo kumi na tano. Sitini mara kumi na tano ni mia tisa. Vibanzi na vumbi, weka mia tatu na hamsini. Ndiyo hiyo tani moja na robo. Sisi wote tunahesabu hivyo. Hata marehemu baba alihesabu hivyo."

"Twiga anayepelekwa stoo, amekauka?"

"Lazima. Miezi minne kivulini. Akienda mbichi anapasukia kwa meli..." Kivuva aliangalia gogo, kisha magunia yaliyolowa, kisha ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameimwaga asubuhi ile.

"Nikatie kipande," alisema Adongo. "Kutoka hapa mwishoni, lakini usikate ganda, ingia ndani. Sentimita kumi urefu, kumi upana, kumi kimo. Unaweza kukifanya kiwe sawasawa?"

Hilo halikuwa swali la kumwuliza mchongaji. Baada ya dakika kumi na mbili Kivuva alimletea mchemraba ambao Adongo aliupima kila upande na kukuta umekosea kwa chini ya nusu milimita. Ulikuwa baridi na mzito mkononi.

Bucha la Mahad lilikuwa upande wa pili wa barabara. Mahad alifuta mizani yake ya umeme kwa kitambaa, akautazama mchemraba, akawatazama watu kumi waliokuwa wameuleta.

"Hii ni sehemu gani ya mbuzi?"

"Pima tu, Mahad," alisema Mwelu.

"Nauliza ili nijue bei." Aliuweka. Namba zilicheza, zikatulia. "Kilo moja na gramu ishirini. Haina mfupa."

Adongo aliandika. Waliporudi alizungusha futi kwenye gogo, mwanzo, katikati na mwisho, akatafuta wastani wa mzunguko: mita tatu na sentimita thelathini. Urefu, mita tatu. Alifanya hesabu mara mbili, ya pili kwa kuanzia mwisho, kisha akaligeuza daftari ili Mwelu aone.

"Gogo hili lina kilo elfu mbili mia sita na hamsini na mbili."

"Badala ya tani moja na robo?"

"Twiga ni sitini kweli. Ila hawa bado wana maji yao yote. Mashine ina uwezo wa kilo elfu mbili, mkaipa tani mbili na nusu na zaidi, ikakataa. Ilivyofanya ndivyo inavyotakiwa kufanya."

Phares alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya kitambaa. "Nilisema," alisema. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema watu wapande nyuma," alisema Adongo.

"Hiyo nayo nilisema."

Wachongaji walikuwa wameanza kumcheka Kivuva. Mmoja alimwuliza kama hao twiga walikuwa wajawazito. Kivuva alivumilia, akatabasamu kidogo, akaenda kuvuta gunia lililolowa na kulirudisha juu ya gogo. Mwelu hakucheka bado. "Kwa hiyo ni nzuri," alisema.

"Kwa hiyo sijui. Nipe gogo lisilofika tani mbili."

Hapakuwa na gogo lingine. Kivuva ndiye aliyelikata lile: msumeno wa petroli uliingia kwenye alama ya chaki aliyochora Adongo, na kipande cha mita mbili na robo kikabaki, kilo elfu moja mia tisa na themanini na tisa. Odero alikiinua. Mlingoti ulilia tena, lakini magurudumu ya nyuma yalikaa chini. Akakipandisha mita mbili, akazima injini, na Adongo akaweka alama ya chaki kwenye mlingoti.

Walingoja dakika kumi. Mzigo ukishuka zaidi ya sentimita kumi kwa muda huo, mashine imechoka ndani ambako jicho halifiki. Munyoki alikuwa amesogea karibu kwa magongo yake, akiikodolea macho alama ile. Dakika ya nne mtu mmoja alipiga chafya, na watu watatu wakamwambia anyamaze.

Dakika ya kumi Adongo alipima. "Sentimita mbili na milimita mbili."

Mwelu alifunika uso kwa mkoba wake. Alipoutoa, macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa akicheka. "Sasa hilo ni ndiyo?"

"Ndiyo, na masharti manne."

Aliyaandika kwa herufi kubwa ili yasomwe na kila mtu. Honi itengenezwe na mkanda wa kiti uwekwe na muuzaji. Minyororo ipimwe tena baada ya miezi sita. Kila gogo lipimwe kwa futi kabla ya kuinuliwa, hesabu iwe ya mti mbichi. Mtu yeyote asipande nyuma, kwa sababu yoyote. Phares alitia saini, Mwelu akatia saini, saa saba na dakika ishirini na tano.

Munyoki aliyasoma masharti mara mbili. Kisha alimwomba Odero kopo la grisi. Akaegemeza gongo moja kwenye gurudumu, akachota grisi kwa kiganja, akaipaka juu ya lile bonge la chuma, juu ya alama zote mbili za viatu, hadi pakawa hapashikiki hata na nzi. Alifanya hivyo bila haraka. Hakuna aliyejitolea kumsaidia, na yeye hakuomba.

Trela lilifika saa nane na robo. Adongo alikuwa amekwisha kulipwa na angeweza kwenda, lakini alipanda juu na futi yake. Magogo matano yalikuwa chini ya tani mbili. Mawili yalizidi. Alichora chaki katikati ya kila moja.

"Hayo ndiyo ya twiga warefu," alisema Kivuva kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hatashinda. "Ukiyakata yanaisha."

"Kivuva," alisema Mwelu.

"Sawa, dada. Kateni. Nitachonga viboko."

Mbao mbili za kuteremshia zilibaki zimeegemea ukutani, kavu. Wanaume wanane walisimama nyuma ya mstari ambao Adongo aliuchora ardhini kwa kisigino, wakapiga makelele ya kumwelekeza Odero, ambaye hakuwasikiliza. Gogo lilikuja baada ya gogo. La nne lilijaribu kubingirika kwenye meno. Odero aliinamisha mlingoti nyuma, likatulia.

Saa kumi na dakika ishirini na sita kipande cha tisa, ambacho kilikuwa cha mwisho, kiligusa chini. Meno yakatoka chini yake yakiwa matupu. Mwelu alihesabu wanaume waliokuwa uani. Walikuwa wanane, na wote walikuwa wamesimama.